Shofaji ikikufa, radiatere kubwa inafuata: namna ya kusafisha shofaji ya kamionete sisi wenyewe



Mu mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kipwa huku kwetu Likasi si ya kuchekesha. Asubuhi sana, mbele jua haijatoka, wakati kamionete ya koperativi inapakia tomati na shu juu ya soko ya Lubumbashi, baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Kioo ya mbele inajaa ukungu. Shofere anafungua shofaji: upepo inatoka, lakini ni baridi tu. Wengi wanasema: «Haina neno, shofaji ni kitu ya Ulaya.» Wanatosha tiyo mbili za shofaji, wanaziunganisha pamoja, wanaendelea na safari.

Sisi tunawaomba musiharakishe kufanya hivyo. Shofaji yenye kuziba ni shahidi. Inawaambia kile kinaanza kutendeka ndani ya radiatere kubwa na ndani ya moteri. Mukimunyamazisha shahidi, mutapata habari siku ingine, katikati ya barabara, na tomati yote juu ya motoka.

Shofaji inatumika namna gani?

Nyuma ya tablo, upande wa miguu, kuko radiatere moja ndogo. Maji ya moto inatoka ku moteri, inapita mu tiyo moja, inaingia mu ile radiatere ndogo, kisha inarudi na tiyo ya pili mpaka ku pompu ya maji. Ventilatere inapuliza hewa juu yake, hewa inapata moto, inaingia mu kabini.

Ni maji ileile yenye kupoza moteri. Lakini njia za ndani ya radiatere ndogo ni nyembamba sana, na maji inapita pale polepole. Njo maana uchafu inashika pale mbele ya kushika ku radiatere kubwa. Radiatere kubwa ikiziba, moteri inapanda moto. Moteri ikipanda moto sana, kulasi inapinda. Kusafisha shofaji ni kazi ya nusu siku. Kutengeneza kulasi kunaweza kumeza makuta ya musimu muzima.

Juu ya nini inaziba?

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Udongo wetu uko na majiwe mingi ya chokaa. Kila mutu wa Likasi anajua Kakontwe, kule wanachimba ile jiwe. Maji ya visima na ya mito yenye kupita mu majiwe ya namna hiyo inabeba chokaa. Muangalie chini ya sufuria yenye kuchemshia maji kila siku: ile ganda nyeupe inajitengeneza vilevile mu moteri.

Sababu ya pili ni kutu. Maji peke yake, bila antijeli, inakula chuma ya bloku. Ile kutu inakuwa matope ya rangi ya tofali. Sababu ya tatu ni dawa ya kuziba matundu ya radiatere, yenye watu wanamwanga ndani wakati radiatere inavuja. Ile dawa haichagui: inaziba tundu, na inaweza kuziba njia nyembamba za shofaji pia. Sababu ya ine ni kuchanganya antijeli za aina mbalimbali. Zingine zikikutana zinaganda na kuwa nzito kama uji.

Mbele ya kufungua kitu, mupime

Si kila shofaji ya baridi imeziba. Muangalie mambo haya:

1. Maji imeenea? Ikipunguka, shofaji njo inakosa kwanza. Mutazame wakati moteri imepoa.
2. Upepo inatoka? Kama haitoki, ugonjwa ni wa umeme: fizibu ao ventilatere.
3. Termostati ingali? Mafundi wengi wanaitosha, wanasema inchi yetu ni ya moto. Bila termostati, moteri inakawia kupata moto, inakula mazutu zaidi, na shofaji inabaki zaifu.
4. Kama kuko robine ya shofaji ku tiyo, inafunguka muzuri? Kamba yake inaweza kukatika.

Kisha mutembeze motoka mpaka moteri ipate moto, mufungue shofaji mpaka mwisho, muguse tiyo mbili kwa angalisho. Zote mbili za moto: maji inapita, ugonjwa uko ku vibao vya hewa nyuma ya tablo. Moja ya moto na ingine vuguvugu ao baridi: radiatere ndogo imeziba. Zote mbili baridi: robine imefungwa, ao hewa imeshikwa ndani.

Mukiona tapi ya kabini imeloa, ao harufu tamutamu inaingia ndani, radiatere ndogo imetoboka. Hapo kusafisha hakutasaidia, inaomba kubadirishwa. Ni pale tu kuunganisha tiyo mbili kunafaa, juu ya kufika nyumbani.

Vyombo

Turunevisi, pensi, basani kubwa, vipande viwili vya tiyo ya kumwangia bustani, kolie mpya mbili, bidoni ya litre 20, vinegre nyeupe litre mbili, na vitambaa.

Kazi yenyewe

1. Muache moteri ipoe kabisa, vizuri usiku muzima. Musifungue kifuniko ya radiatere wakati iko ya moto, hata kidogo. Mvuke inaruka na kuchoma uso.

2. Muweke basani chini, mumwange maji ya radiatere ndani yake. Mutazame rangi: ya tofali ni kutu; yenye mafuta ao nyeupe kama maziwa ni ugonjwa mwingine, tutausema chini.

3. Mutie alama ku tiyo yenye kurudi, ile inaenda ku pompu ya maji. Mulegeze kolie, mutoshe tiyo zote mbili. Kama tiyo imeshikamana, musiivute kwa nguvu na musiizungushe na pensi: mudomo wa radiatere ndogo ni laini, unavunjika. Ni heri mupasule tiyo na kisu kwa urefu na kununua ingine.

4. Mufunge vipande vya tiyo ya bustani ku midomo miwili. Maji muingize ku mudomo wa kurudi, itoke ku mudomo wa kuingilia. Ni kusema munasukuma uchafu irudi ku njia yenye ilijia. Ukiisukuma mbele, inakaza zaidi.

5. Kama hakuna robine, mupandishe bidoni juu ya kabini na kuacha maji ishuke yenyewe. Ile nguvu inaenea. Musitumie konpresere ya kujazia pine: kifuniko ya radiatere inaandikwa 0,9 ao 1,1, ni kusema moteri inafanya kazi na presio ya karibu bar moja. Konpresere inaweza kupita pale mara nyingi na kupasua radiatere ndogo.

6. Mukiona maji inatoka safi na kwa wingi, mwisho. Kama inatoka kidogokidogo, mujaze vinegre na maji, nusu kwa nusu, muache dakika 30, mumwange, musukutue tena. Munaweza kurudilia mara mbili ao tatu. Kisha musukutue mpaka harufu ya vinegre iishe. Asidi ya batri na soda kaustiki hapana: zinakula alimini.

7. Musirudishe maji chafu. Musukutue radiatere kubwa na bloku pia, kwa sababu uchafu yenye mulitosha ilitokea kule.

8. Murudishe tiyo, mukaze kolie mpya, mujaze.

9. Mutoshe hewa: mupaki motoka na pua yake juu kidogo, kifuniko wazi, shofaji wazi mpaka mwisho. Muwashe moteri wakati ingali baridi. Mukamue tiyo na mukono, muongeze maji kila inaposhuka. Tiyo kubwa ya radiatere ikianza kupata moto, termostati imefunguka. Mufunge kifuniko kabla maji haijaanza kuruka. Kesho yake, mbele ya kuwasha, mutazame tena.

Maji gani ya kujaza?

Nusu antijeli, nusu maji safi. Kamionete nyingi za mazutu zinachukua karibu litre 8 mpaka 12. Musome ku bidoni: antijeli ingine imekwisha kuchanganywa ku fabriki, hiyo haiongezwi maji.

Watu wanauliza: antijeli ni ya inchi za barafu, sisi inatusaidia nini? Inazuia kutu, na inapandisha kipimo cha kuchemka. Likasi iko juu, zaidi ya metre 1.200, na pale maji peke yake inachemka karibu digrii 96, si 100. Termostati nyingi zinafunguka kati ya digrii 82 na 88. Muone namna nafasi iko kidogo. Njo maana pia kifuniko yenye haishike presio ni hatari: ni kitu cha bei ndogo chenye kuua moteri kubwa.

Maji ya kuchanganya iwe ya kununuliwa juu ya batri, ile safi isiyo na asidi. Kama haiko, maji ya mvua inafaa, kwa sababu haina chokaa. Muiweke akiba wakati wa mvua: muache mvua ioshe paa kwanza, kisha mukinge, mukamulie mu kitambaa. Kama munabaki na maji ya kisima tu, muichemshe, muiache itulie mpaka kesho, mutwae ya juu. Sehemu ya chokaa inabaki chini.

Angalisho juu ya watoto na mifugo

Antijeli ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbwa, mbuzi na watoto wanaweza kuikunywa. Musiiache mu basani wazi, musiiweke mu chupa ya limonade, musiimwange mu shamba, mu kisima ao mu muto. Muikusanye mu bidoni yenye alama na kuipeleka ku garaji yenye kupokea mafuta ya kale.

Wakati gani mupeleke ku mekanisie?

Kama maji ina mafuta ndani. Kama mafuta ya moteri imekuwa nyeupe kama maziwa. Kama mapovu inatoka bila kukoma mu radiatere wakati moteri inawaka. Kama maji inapunguka kila siku na hamuone pa kuvuja. Mara nyingi ni joani ya kulasi. Musipakie, musisafiri.

Faida ya mulima

Siku ingine munapanda mulima na muzigo, sindano ya moto inaanza kupanda. Mufungue shofaji yote na ventilatere mpaka mwisho, mufungue vioo. Mutateseka na joto ndani ya kabini, lakini ile radiatere ndogo inatosha moto ku moteri na inaweza kuwapa nafasi ya kufika pa kusimama bila hatari. Kisha musimame, muache ipoe. Shofaji yenye kukatwa haiwezi kuwapa musaada huo.

Tunaomba kila koperativi iandike mu kaye ya motoka: tarehe ya kusafisha, aina na rangi ya antijeli, nani alifanya kazi. Murudilie kila miaka miwili, mu mwezi wa tano, mbele baridi haijaingia. Shofere akibadilika, kaye inabaki, na mwenye kumufuata hatachanganya antijeli mbili.