Maji ya visima vya mafuta: Chumvi ndiyo kitendawili

BEI ya pipa la mafuta hutangazwa duniani kote kila siku, lakini ni nadra kusikika habari za kitu kingine kinachotoka katika visima hivyo hivyo kwa wingi zaidi: maji.

Mwaka 2017, visima vya mafuta na gesi nchini Marekani vilitoa takriban mapipa bilioni 24 ya maji, kiasi kinachozidi mara kadhaa mafuta yaliyochimbwa nchini humo mwaka huo. Kadiri kisima kinavyozeeka, ndivyo mafuta yanavyopungua na maji kuongezeka.

Mengi ya maji hayo ni mabaki ya bahari za kale, yaliyofungiwa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka. Lita moja ya maji ya bahari ya leo ina takriban gramu 35 za chumvi. Katika mwamba wa Marcellus, unaochimbwa gesi jimboni Pennsylvania, lita moja inaweza kuwa na zaidi ya gramu 200. Humo mna pia bariamu, bromidi, amonia, benzini na matone ya mafuta, pamoja na radiamu, madini yenye mionzi ambayo nusu yake huchukua takriban miaka 1,600 kutoweka.

Kila uchafu una dawa yake. Matone ya mafuta huelea na kuenguliwa. Benzini huweza kuondolewa kwa kupulizwa hewa au kuliwa na bakteria. Bariamu na radiamu hushikamana na salfeti na kutuama kama ukoko mgumu, ingawa ukoko huo hubeba mionzi na hauwezi kutupwa kama takataka za kawaida.

Chumvi ya kawaida haina dawa hiyo. Haielei, haituami, wala hakuna bakteria anayeimaliza. Kuitenga hulazimu kuyachemsha maji au kuyasukuma kwa nguvu kupitia utando mwembamba, na njia zote mbili hula nishati nyingi. Hata baada ya gharama hizo, chumvi hubaki na lazima itafutiwe mahali.

Pennsylvania iliyaona madhara yake mitoni. Maji ya visima vya gesi yalipelekwa katika mitambo ya kusafisha maji taka isiyoweza kuondoa chumvi, kisha yakaishia mitoni. Bromidi ilipokutana na klorini katika mitambo ya maji ya kunywa, ilichangia kuzalisha trihalomethani, kemikali zinazohusishwa na saratani. Mwaka 2011, serikali ya jimbo iliwataka wachimbaji wa gesi hiyo waache utaratibu huo.

Njia inayotumika zaidi ni kuyarudisha maji ardhini. Yakirudishwa katika tabaka yalikotoka, hujaza nafasi iliyoachwa na kuyasukuma mafuta kuelekea visimani. Hatari huongezeka yanapopelekwa katika tabaka jingine ambako hakuna kilichotolewa, kwani shinikizo hupanda.

Ndivyo ilivyotokea Oklahoma, ambako maji mengi yalisukumwa katika tabaka refu la Arbuckle. Shinikizo lilizifikia nyufa za kale za miamba na kuzilegeza. Kabla ya 2009, jimbo hilo lilipata wastani wa matetemeko mawili kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 yalizidi 800. Septemba 2016, eneo la Pawnee lilitikiswa na tetemeko la 5.8, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa jimboni humo. Wasimamizi walipopunguza kiasi cha maji kinachosukumwa, matetemeko nayo yakapungua.

Oman ilichagua njia nyingine. Katika jangwa la Nimr, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji ya visima huenguliwa mafuta, kisha hutiririka yenyewe kwenye mashamba makubwa ya matete. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi humeng'enya mafuta yaliyobaki, na ndege wahamao hutua hapo. Pampu za kusukuma maji ardhini, zilizokuwa zikila umeme mwingi, zimepunguziwa kazi.

Hata hivyo, mfano huo hauwezi kunakiliwa kila mahali. Maji ya Nimr yana takriban moja ya tano tu ya chumvi ya bahari; matete yasingestahimili maji ya Marcellus. Na hata Nimr, maji huishia kwenye mabwawa ya kukaushwa na jua, ambako chumvi hubaki.

Nchini Uganda, mipango ya miradi ya Tilenga na Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, ilieleza kuwa maji yatakayotoka na mafuta yatarudishwa ardhini. Kwa wakazi wanaolitegemea ziwa hilo, maswali ya msingi ni machache: yatarudishwa katika tabaka lipi, kwa shinikizo gani, nani atapima, na nani atawajibika mafuta yatakapokwisha.