Paris na Watoto wa Rika Mbalimbali

Likizo ya familia mjini Paris hupangwa kwa kumfuata mtoto mdogo kuliko wote. Makumbusho ya Louvre hayatozi kiingilio kwa walio chini ya miaka 18, ila hufungwa Jumanne. Muda wa saa mbili humo unatosha, maana mtoto wa miaka mitano hachoki kimyakimya. Alasiri ni ya bustani ya Luxembourg, ambako wadogo hukodishiwa mashua za mbao zenye tanga, wakazisukuma bwawani kwa fimbo. Vijana wana ngazi 674 za mnara wa Eiffel hadi ghorofa ya pili. Mzazi mmoja abaki chini na mdogo. Kigari cha mtoto ni kero: vituo vingi vya metro havina lifti, isipokuwa vya njia namba 14.