Vita Vyetu Vilipoimbwa Ulaya

Mwezi wa Mei, mwaka 2014, mambo mawili yalitokea Ulaya, nayo yote mawili yalituhusu sisi watu wa Ituri. La kwanza lilisikika redioni hata huku Gety: tarehe 23 ya mwezi ule mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, walimhukumu Germain Katanga, aliyekuwa mkuu wa wapiganaji wa FRPI, kifungo cha miaka 12, kwa ajili ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. La pili sikulisikia mpaka miaka mingi baadaye. Mwezi ule ule, mjini Brussels, waimbaji wa Afrika ya Kusini walisimama jukwaani wakaimba kwa Kiitalia mchezo wa Macbeth. Na vita walivyoviigiza vilikuwa vita vya Kongo ya mashariki.

Hadithi yenyewe si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili, maana S. S. Mushi aliitafsiri, nayo ikachapishwa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Kwa wale wasioijua, nitaieleza kwa ufupi. Macbeth ni jemadari hodari wa Duncan, mfalme wa Scotland. Siku moja, akirudi vitani pamoja na rafiki yake Banquo, anakutana na wachawi wanaomtabiria kwamba atakuwa mfalme. Banquo naye wanamwambia kwamba yeye hatatawala, bali uzao wake. Macbeth anamwandikia mkewe habari hizo, na mke hana subira. Mfalme anapokuja kulala nyumbani mwao, wanamwua usiku, naye ni mgeni wao. Tangu hapo hawawezi tena kuacha. Banquo anauawa njiani, lakini mtoto wake Fleance anaponyoka gizani. Mke wa Macduff na watoto wake wanachinjwa. Nchi nzima inakimbia. Mwisho mke wa Macbeth anatembea usingizini, akisugua mikono ambayo haitakati, na Macbeth mwenyewe anaangamia vitani.

Shakespeare aliiandika kama tamthilia ya maneno. Mwitalia Giuseppe Verdi akaigeuza kuwa mchezo wa kuimba, yaani opera, ambamo hata ugomvi na mauaji huimbwa. Ulichezwa mara ya kwanza Florence mwaka 1847. Mwaka 1865 akautengeneza upya kwa ajili ya Paris. Basi wale wanaonung'unika kwamba mchezo wa zamani usiguswe, wakumbuke kwamba mwenyewe aliugusa. Tena aliandika mwaka 1848 kwamba kwa mke wa Macbeth hakutaka sauti tamu ya malaika. Alitaka sauti kali, yenye kukwaruza.

Aliyeuleta mchezo huo Kongo, kwa mawazo yake, ni Brett Bailey, mzungu wa Afrika ya Kusini, ambaye alikuwa ameushughulikia kwao zamani kabla ya hapo. Alifanya hivi. Alibuni kundi la waigizaji, wakimbizi wa Kongo, wanaokuta sanduku la vitu vya enzi ya ukoloni: nguo za kuchezea, karatasi za muziki na sahani za gramafoni za Macbeth ya Verdi. Wakimbizi hao wanayavaa yale mavazi na kusimulia kwayo mambo yaliyowapata wao wenyewe. Macbeth anakuwa kamanda wa wanamgambo. Wachawi wanakuwa mawakala wa kampuni kubwa ya kigeni inayotafuta madini. Fabrizio Cassol, mwanamuziki wa Ubelgiji, aliupunguza muziki mpaka ukatosha wapigaji 12 tu. Wapigaji hao walitoka katika nchi zilizokuwa zamani Yugoslavia, nchi iliyovunjwa na vita vya ndugu kwa ndugu. Jambo hili lilinigusa kuliko mengine. Huenda hata waliopiga vinanda walikuwa na habari zao wenyewe za kuchomewa nyumba.

Sharti niseme wazi kwamba mimi sikuuona mchezo huu. Nimeujua kwa yale yaliyoandikwa juu yake na kwa picha zake. Lakini ninachotaka kukieleza hapa si mchezo hasa; ni watazamaji.

Mwezi wa Septemba 2014 Macbeth huyu wa Kongo alifika London, katika jumba la sanaa liitwalo Barbican. Wengi walishangilia. Walizisifu sauti za waimbaji, Owen Metsileng aliyekuwa Macbeth na Nobulumko Mngxekeza aliyekuwa mke wake, wakasema kwamba muziki mdogo ule ulikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichowachoma wengine ni maandishi. Maana waimbaji waliimba Kiitalia kile kile cha kale, lakini tafsiri iliyoonyeshwa kwa maandishi ilikuwa ya lugha ya mtaani, yenye matusi ya askari. Wengine waliona kwamba huo ndio ukweli wa vita. Wengine kwamba ni dharau kwa Verdi. Na wako waliouliza swali zito zaidi: je, mzungu wa Afrika ya Kusini ana ruhusa gani kuyachukua mateso ya Wakongo na kuwauzia watu wa London tikiti?

Swali hilo halikubaki maneno tu. Bailey alikuwa na kazi nyingine iliyotazamiwa kufunguliwa London mwezi ule ule, kwa maandalizi ya jumba lile lile la Barbican, iitwayo Exhibit B. Hiyo haikuwa opera. Watu weusi walio hai walisimamishwa au kuketishwa kama vielelezo vya makumbusho, wengi wao kimya, wakiwatazama watazamaji machoni, ili kuwakumbusha Wazungu jinsi babu zao walivyowaonyesha Waafrika kama wanyama. Mtengenezaji alisema nia yake ni kuushutumu ubaguzi. Watu weusi wengi wa London hawakuiona hivyo. Zaidi ya watu 20,000 walitia majina yao katika ombi la kuipinga, na jioni ya kufunguliwa, tarehe 23 Septemba, waandamanaji wakaziba njia. Barbican ikafuta maonyesho yote. Waigizaji wenyewe, ambao nao ni watu weusi, walilalamika kwamba kazi waliyoichagua kwa hiari yao imenyamazishwa na watu ambao wengi wao hawakuitazama.

Mtengenezaji mmoja, mji mmoja, juma moja au mawili. Kazi moja ikapigiwa makofi, nyingine ikazuiwa barabarani. Wengi wamefafanua sababu zake, nami sina haja ya kuzirudia zote. Kwa maoni yangu sababu iliyo kubwa ni hii: katika Macbeth mtu mweusi anafungua kinywa chake. Anaimba mpaka ukuta unatikisika. Anakuwa mwovu, mwoga, mwenye tamaa, mwenye huzuni. Anatenda. Katika ile nyingine anatendewa tu, na mtazamaji ndiye anayepewa nafasi ya kulia. Mtu hapendi kufanywa kitu cha kuliliwa, hata kama anayelia analia kwa kweli.

Lakini katika ubishi wote ule, walioupinga na walioutetea, sauti moja sikuikuta: ya mtu wa huku. Basi nikaona afadhali niwaulize niliokuwa nao.

Ninafundisha sekondari hapa Gety. Nikawasimulia wanafunzi wangu hadithi ya Macbeth vipindi viwili, kwanza kama alivyoiacha Verdi, kisha kama alivyoigeuza Bailey. Walicheka sana waliposikia kwamba kamanda wa porini anaimba Kiitalia. Mmoja akasema kwamba makamanda aliowaona yeye walikuwa wakiimba, ndiyo, lakini si Kiitalia. Kicheko kikaisha pale.

Ndipo tukafika kwa wachawi. Kijana mmoja wa nyuma alisimama akasema kwamba hapo huyo mzungu amepatia. "Mwalimu, wachawi wa Ituri ni dhahabu." Naye hakukosa. Dhahabu ya Kilo-Moto imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Na mwaka 2005 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ndefu ikieleza jinsi wapenda vita walivyougombania mji wa Mongbwalu kwa ajili ya machimbo yake, na jinsi kampuni ya kigeni ilivyofanya urafiki na kundi lenye bunduki ili ipate kuingia. Kampuni ilikiri kwamba fedha zilikuwa zimetolewa. Darasa lote likakubaliana na kijana, tena kwa makelele.

Msichana mmoja, ambaye hasemi sana, akangoja wanyamaze. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, wachawi hawakushika kisu."

Nimelifikiri neno lile tangu siku ile. Katika hadithi ya zamani wachawi wanasema tu. Hawamtumi Macbeth kuua. Wanamwambia Banquo pia, naye Banquo hakumchinja mtu. Hilo ndilo fumbo la hadithi: maneno yale yale yaliingia katika masikio ya watu wawili. Ukiwafanya wachawi kuwa kampuni yenye fedha na bunduki, umesema kweli kubwa ambayo watu wa London walihitaji kuisikia, maana bidhaa za vita vyetu zimo mifukoni mwao. Lakini kweli hiyo hiyo, ikiletwa Gety, inaweza kutufanyia kazi nyingine. Inaweza kutupa pa kujificha. Yule aliyechoma nyumba ya jirani atasema, mimi nilitumwa. Waliokufa Bogoro, na waliokufa katika vijiji vyetu, hawakuuawa na wageni wenye kalamu peke yao. Waliuawa na watu waliowajua kwa majina. Kwa hiyo mchezo mmoja waweza kuwa dawa mjini London, ukawa pombe huku kwetu. Na mtazamaji wa Ulaya, awe ameshangilia au amechukia, asingeweza kuliona jambo hilo kutoka kiti chake.

Sehemu moja tu haikuleta ubishi darasani. Katika tendo la nne Verdi ameweka wimbo wa wakimbizi. Wamekusanyika karibu na mpaka, wamefukuzwa makwao, wanaililia nchi yao. Hakuna shujaa anayeimba peke yake. Wote wanaimba pamoja, polepole, kama watu waliochoka. Halafu ndipo Macduff anaimba juu ya watoto wake waliouawa yeye akiwa hayupo. Wimbo huo wa wakimbizi ni mmojawapo wa zile ambazo Verdi aliziandika upya mwaka 1865. Nilipowaeleza, sikuhitaji kufafanua neno. Mwaka 2006 Gety ilijaa makumi ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano kati ya jeshi la serikali na wanamgambo, na wazazi wa wanafunzi hawa walikuwamo. Wengine katika darasa lile walizaliwa katika vibanda vya wakati ule au baada yake kidogo. Hapa hapa Gety, tarehe 28 Februari 2020, ndipo FRPI na serikali walipotia sahihi mapatano ya amani, na bado tunangoja mengi kati ya yaliyoandikwa mle.

Wanafunzi wakaomba tuigize sehemu ile siku ya mwisho wa mwaka. Hatuna okestra, tuna ngoma, kinanda kidogo cha kwaya, na sauti. Walikata shauri kwamba wakimbizi waimbe Kingiti, maneno na tuni watunge wenyewe, na wachawi waseme Kifaransa. Shida ilikuwa kumpata Macbeth. Hapana aliyetaka. Wavulana walitazama chini, na mmoja akaniambia pembeni kwamba mama yake hatapenda kumwona ameshika panga hata la mti. Nikamwacha. Mpaka leo ninapoandika, Macbeth hajapatikana, na mazoezi ya wakimbizi yanaendelea bila yeye.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja, katekista wa zamani, aliketi kwenye benchi la nyuma akiwasikiliza mpaka mwisho. Walipotawanyika akaniita, akataka nimsimulie hadithi yote. Nikamsimulia. Hakuuliza juu ya mfalme, wala juu ya kampuni, wala juu ya mke wa Macbeth.

"Na yule mtoto aliyekimbia usiku, Mwalimu," akasema, "wa Banquo. Alirudi kwao?"

Nikamjibu kwamba kitabu hakisemi.

Akakaa kidogo. Kisha akasema kwamba katika mchezo wetu afadhali tumweke miongoni mwa wale wanaoimba.