Umeme ukikatika Singida, kuku hai ndiye akiba

WENYE mabucha na maduka ya kuku hujaza friza kila sikukuu inapokaribia, kwa kuwa bei hupanda na mteja hangoji. Hesabu hiyo ni nzuri hadi umeme ukatike.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na mikoa inayoitegemea ikabaki gizani, huku Waislamu nao wakiwa katika mfungo wa Ramadhani. Umeme ulirejea kwa awamu. Kilichowashangaza wengi ni kwamba mgawo ulioanza mwaka 2023 ulikuwa umekwisha kupungua, baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, kuanza kazi Februari 2024. Lakini umeme mwingi si kinga ya hitilafu ya njia. Mwenye friza ajipange kwa yote mawili.

Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua kuku 40 kwa Sh. 13,000 kila mmoja, akachinja na kugandisha, akitarajia faida ya Sh. 2,000 kwa kuku. Wakioza wote amepoteza Sh. 520,000. Ili kurudisha fedha hiyo itabidi auze kuku wengine 260. Bima ya kawaida ya moto haimfidii. Kinga ya bidhaa zinazoharibika huombwa peke yake.

Hapo ndipo kuku wa kienyeji, anayeipa Singida jina katika masoko ya Dodoma na Dar es Salaam, anapoonyesha thamani yake. Akiwa hai ndani ya tenga anakula pumba, maji na nafasi, lakini hahitaji LUKU. Mwenye duka dogo anaweza kugandisha mauzo ya siku moja au mbili tu, na mtaji uliobaki ukae bandani. Hasara yake ipo pia: mdondo ukiingia bandani bila chanjo, hasara huwa kubwa kuliko ya friza.

Kwa aliyekwisha jaza friza, mlango ndio kila kitu. Friza iliyojaa isipofunguliwa hushika baridi takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu, kwa hiyo maziwa na mboga zilizopikwa ndizo za kutumiwa kwanza. Jenereta ndogo haina haja ya kuunguruma usiku kucha. Kuiwasha kwa vipindi hutosha kuitunza baridi, na petroli ipimwe dhidi ya thamani ya mzigo.

Asiyekuwa dukani wakati umeme ulipokatika agandishe maji katika kikombe na kuweka sarafu juu yake. Akirudi akaikuta imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama hiyo haifai kuuzwa hata ikionekana ngumu. Nyama iliyoanza kulainika lakini bado ina chembe za barafu hupikwa au kukaangwa mara moja. Akina mama wa mkoa huu wanaokausha mlenda kwa jua hawana hesabu hizo.

Umeme ukirudi, friza isiwashwe papo hapo. Ichomolewe kwenye soketi tangu mwanzo wa giza, isubiri dakika kadhaa hadi umeme utulie, kwani mshtuko wa kwanza ndio unaounguza kompresa.