Biashara ya mkunga: Shamba lipo, mbegu iko baharini

Mkunga, samaki mwenye umbo la nyoka, ana soko kubwa Japani, China na Ulaya. Bei inayotikisa soko hilo si ya samaki mkubwa, bali ya mtoto wake, mwembamba kama tambi na mwangavu kama kioo. Katika jimbo la Maine, Marekani, pauni moja ya watoto hao, yaani karibu nusu kilo, iliuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 2,000 mwaka 2018. Mwaka 2020, biashara ilipokwama kwa ugonjwa wa Korona, bei ilianguka hadi karibu dola 500.

Bei huyumba hivyo kwa sababu ya maisha ya samaki mwenyewe.

Mkunga wa Ulaya huishi mitoni na ziwani kwa miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, akiwa na rangi ya manjano. Akikomaa hugeuka rangi ya fedha, macho yake hukua, naye huacha kula. Kisha huteremka baharini na kuogelea maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Sargasso, upande wa magharibi wa Atlantiki. Huko hutaga mara moja na inaaminika kuwa hufa. Mtaalamu wa Denmark, Johannes Schmidt, alitangaza eneo hilo mwaka 1922 baada ya kufuatilia lava wadogo baharini kwa miaka mingi. Lava hao, wenye umbo la jani, huchukuliwa na mikondo hadi pwani, ambako hugeuka watoto wa mkunga na kuingia mitoni.

Wavuvi huwangoja hapo. Watoto hupelekwa mabwawani, hulishwa, na huuzwa wakifikia uzito unaotakiwa. Kwa hiyo kinachoitwa ufugaji wa mkunga ni unenepeshaji tu. Wataalamu wa Japani walifanikiwa mwaka 2010 kumzalisha kizazi kwa kizazi katika maabara, lakini gharama imekuwa kubwa na karibu mashamba yote bado hutegemea watoto waliovuliwa. Mfuga kuku huagiza vifaranga. Mfuga mkunga husubiri bahari.

Na bahari imepunguza mgawo. Idadi ya watoto wanaofika pwani za Ulaya imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu takriban mwaka 1980. Mabwawa ya umeme, uchafuzi wa mito, minyoo inayoshambulia kibofu cha hewa cha samaki huyo, na uvuvi wenyewe vyote vinatajwa. Biashara ya kimataifa ya mkunga wa Ulaya iliwekewa masharti ya vibali kuanzia mwaka 2009, na mwishoni mwa 2010 Umoja wa Ulaya ulifunga usafirishaji wake nje ya umoja huo. Wanunuzi wa Asia waligeukia mikunga wa aina nyingine, na walanguzi wakapata kazi mpya: watoto hai wamekamatwa mara nyingi viwanja vya ndege wakiwa wamefichwa ndani ya masanduku ya nguo.

Afrika Mashariki nayo inahusika. Aina nne za mkunga wa maji baridi hupatikana katika mito inayomwaga Bahari ya Hindi, ikiwemo Tana na Rufiji. Wasichanganywe na mkunga wa miambani, ambaye haendi mtoni. Hawa wa mtoni nao huzaliwa bahari kuu, na bwawa linalofunga mto huwafungia njia wapandao na washukao.

Mwekezaji anayeonyeshwa hesabu nzuri za bwawa la mikunga aanze na mbegu: inavuliwa mto gani, kwa kibali cha nani, na msimu ukiharibika itatoka wapi? Mabwawa na chakula vinanunulika. Mbegu ikikosekana, mabwawa hubaki matupu na mkopo huendelea kudai.