Asilimia Inayokula Bakapu

Bakapu ikikosekana huku Kanda ya Ziwa, wa kwanza kulaumiwa ni umeme. Leo nautetea. Mara nyingi mkosaji ni alama moja tu: %.

Chukua duka la vipuri vya makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) pale Katoro, mauzo yake yote yamo kwenye kanzidata ya MySQL. Fundi anajaribu amri kwa mkono: mysqldump duka > duka-$(date +%F).sql. Faili linatoka, lina tarehe ya leo. Anaibandika amri ileile kwenye crontab ijiendeshe kila saa nane usiku, anachukua chake, anarudi Shinyanga. Tangu usiku huo halitoki faili hata moja.

Cron, programu inayoendesha amri za crontab kwa ratiba, mkongwe wa Unix tangu miaka ya 1970, ina tabia yake: ikikuta % kwenye mstari inakata hapohapo, na kinachofuata inakihesabu kuwa maandishi ya kuilisha amri. Sheli inakabidhiwa mysqldump duka > duka-$(date + na basi; mabano yamefunguliwa, hayajafungwa, inagoma. Wengi hapo hukimbilia alama za kunukuu, mara moja moja, mara mbili mbili. Hazisaidii kitu, kwa sababu cron imeshakata kabla sheli haijaziona. Dawa ni kutanguliza mkwaju wa kinyume, \%, au, ninavyopenda mimi, kuiandika amri ndani ya skripti, cron ibaki na kazi ya kuiita tu.

Ila hata ndani ya skripti, angalia neno la siri la kanzidata. Mtu anaweka "Geita$2019", mwaka lilipofunguliwa soko la dhahabu la Geita. Kwenye alama mbili za kunukuu sheli inaona $2, inaitafuta thamani yake, haipati, linabaki Geita019. Alama moja moja zingeliacha kama lilivyo. Mysqldump inakataliwa mlangoni, lakini gzip, programu ya kubana faili iliyounganishwa nayo, inaendelea kufunga utupu: kila usiku faili jipya la .gz, baiti 20. Mwenye duka anaona tarehe zimejipanga, anaridhika.

Cron hulalamika, tena kwa barua pepe ya ndani ya seva. Seva isipokuwa na programu ya barua, malalamiko yanatupwa. Nasi tunanunua diski za nje, UPS na kiyoyozi, halafu hakuna anayerejesha hata faili moja aone kama linafunguka. Huo ni uzembe, tusisingizie uhaba wa vifaa.