Mrithi Aliyezikwa Ubavuni mwa Kilimambogo

Sir William Northrup McMillan, ambaye kaburi lake liko kwenye mlima Ol Donyo Sabuk katika Kaunti ya Machakos, alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1872. Mali aliyokuja nayo Afrika Mashariki ilichumwa na baba yake, mwenye viwanda vya kuunda mabehewa ya reli. Mwana aliikuta tayari, na kilichomvutia kilikuwa safari na uwindaji. Mwaka 1903 aligharimia msafara wa kushuka Nile ya Bluu kutoka Uhabeshi, lakini mashua zikavunjikia kwenye maporomoko.

Kisha akageukia Kenya. Juja alimiliki karibu ekari 20,000, na huko ndiko alikofikia Theodore Roosevelt mwaka 1909, miezi michache baada ya kuacha urais wa Marekani. McMillan alikuwa na ardhi pia chini ya Ol Donyo Sabuk, mlima ambao Wakamba huuita Kyanzavi, na wengine Kilimambogo kwa sababu ya nyati wake. Jina la Kimaasai lina maana ya mlima mkubwa tu, nalo halijakosea: kilele kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, na nchi inayouzunguka ni tambarare.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimletea cheo cha Sir, na baadaye akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Alifariki Nice, Ufaransa, Machi 1925. Alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko. Akazikwa njiani, mbali na kilele. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa ajabu, na masimulizi ya siku ile huwa hayaliachi jambo hilo.

Sifa yake ya ukarimu, kwa kweli, imesimama zaidi juu ya kazi ya mjane wake, Lucie. Ndiye aliyejenga Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan jijini Nairobi, kwa msaada wa Shirika la Carnegie, ikafunguliwa mwaka 1931 na kulindwa kwa sheria yake yenyewe. Simba wa mawe walikaa mlangoni. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Zawadi kwa umma ilihesabu umma wa rangi moja, hata ardhi iliyolisha fahari hiyo ilipokuwa ya wengine. Mwaka 1962 Baraza la Jiji liliichukua maktaba hiyo, ikawa ya watu wote.

Lucie alifariki mwaka 1957, akalazwa kando ya mumewe, karibu na Louise Decker aliyewatumikia miaka mingi, na mbwa wao. Miaka 10 baadaye mlima ukatangazwa hifadhi ya taifa. Anayepanda leo huyapita makaburi hayo njiani, kilele bado kikiwa mbele.